Hadhrat Musab bin Umair r.a.: Mgeni Aliyewaponya Wenyeji

Ndugu msomaji, wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii twaitamka tunapompokea mtu nyumbani, na mara nyingi mawazo yetu huenda jikoni, maana mgeni akifika hata watoto wa nyumba hupata kitoweo cha siku hiyo. Lakini ulikuwako mji mmoja uliokuwa mgonjwa kweli kweli, nao ulimpokea mgeni asiye na mali, asiye na jeshi wala jamaa, ukapona kwa mkono wake kwa rehema ya Mwenyezi Mungu. Mji huo ni Yathrib, ambao leo dunia nzima yaujua kwa jina la Madina. Mgeni huyo ni Hadhrat Musab bin Umair r.a., ambaye Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alimtuma kwenda kuwafundisha watu wa huko dini yao mpya, kabla yeye mwenyewe hajahamia.

Yafaa tuyatazame maisha yake kwa makini, hasa wewe uliyeingia katika dini karibuni, na wewe ambaye ungali ukichunguza na hujakata shauri. Katika habari zake mtaona mambo mawili: jinsi inavyompasa mtu kufundisha katika nchi isiyo yake, na jinsi inavyotupasa sisi kusikiliza neno linapoletwa na mtu asiye wa kwetu.

Kijana wa Makka

Musab alizaliwa Makka katika ukoo wa Banu Abdid-Dar, mojawapo ya koo za Makureshi. Ukoo huo ulikuwa na heshima kubwa, kwani ndio uliokuwa na dhamana ya kushika funguo za Kaaba na kuibeba bendera ya Makureshi wakati wa vita. Mama yake, Khunas binti Malik, alikuwa mwanamke tajiri, naye alimpenda mwanawe huyu kupita kiasi. Alimvika nguo nzuri kuliko za vijana wenzake, akamnunulia manukato ya thamani na viatu vilivyotengenezwa Hadhramaut. Wanahistoria wameandika kwamba katika Makka nzima hakuwapo kijana aliyependeza na kuvaa vizuri kama yeye.

Kijana huyo alisikia habari za Mtukufu Mtume s.a.w., akaenda kumsikiliza katika nyumba ya Arqam, karibu na kilima cha Safa, ambamo Waislamu wachache wa siku zile walikuwa wakikutana kwa siri. Alisikiliza, akaamini. Lakini alimwogopa mama yake, basi akaificha imani yake kwa muda. Siku moja Uthman bin Talha, mtu wa ukoo wake ambaye baadaye naye alisilimu, alimwona akisali, akaenda kuwaarifu mama yake na jamaa zake. Wakamkamata na kumfungia ndani. Mama aliyekuwa akimtafutia manukato akawa ndiye anayeulinda mlango ili asitoke.

Alikaa kifungoni mpaka alipopata nafasi ya kutoroka, akajiunga na Waislamu waliohamia Uhabeshi mwaka 615. Hivyo nchi ya kwanza ya ugenini aliyokaa Musab ilikuwa katika bara letu hili la Afrika, chini ya Najashi, mfalme Mkristo aliyewapa hifadhi wale waliodhulumiwa. Huko aliuonja ugeni: kuishi kwa hisani ya watu ambao lugha yao si yako, ambao mila zao huzijui, na ambao wana haki ya kukuuliza umefuata nini kwao.

Aliporudi Makka hakuwa tena kijana wa manukato. Mama yake alikuwa amemkatia matumizi yote. Mwili wake uliozoea kitani laini ulikuwa umekauka, na nguo yake ilikuwa imeunganishwa kwa viraka vya ngozi. Imepokewa kwamba Masahaba waliomjua zamani waliinamisha vichwa kwa huruma walipomwona, kwani wengi wao hawakuwa na kitu cha kumpa. Yeye mwenyewe hakunung'unika. Alikuwa amekwisha kupima kile alichokiacha na kile alichokipata, akaridhika.

Mji uliokuwa mgonjwa

Sasa twende Yathrib, upande wa kaskazini wa Makka, mwendo wa zaidi ya kilometa 400 kwa njia ya jangwani. Makka ni bonde kavu lisilo na mashamba, na watu wake waliishi kwa biashara ya misafara. Yathrib ilikuwa kinyume chake. Ilikuwa nchi ya visima na mitende, imezungukwa mashariki na magharibi na nyanda za mawe meusi yaliyotokana na moto wa volkano. Watu wake walikuwa wakulima. Waliteka maji kwa ngamia, wakanywesha mashamba yao, wakapanda juu ya mitende kuichavusha kwa mikono, kazi ambayo wenyeji wa Makka hawakuizoea. Mji wenyewe ulikuwa kama vijiji vingi vilivyotawanyika kati ya bustani, na kila ukoo ulijijengea ngome ya kukimbilia wakati wa hatari. Tena mji ulijulikana kwa homa zake, hata Waislamu waliohamia huko mwaka 622, akiwamo Hadhrat Abubakar r.a. na Hadhrat Bilal r.a., waliugua sana mara tu walipofika.

Lakini ugonjwa mkubwa wa Yathrib haukuwa homa. Walikaa humo Wayahudi wa makabila ya Qainuqaa, Nadhir na Quraidha, na pamoja nao makabila mawili makubwa ya Waarabu, Aus na Khazraj. Makabila haya mawili yalihesabiwa kuwa ya asili moja, watoto wa babu mmoja aliyetoka Yemen. Hata hivyo yalikuwa yakipigana tangu vizazi vingi. Miaka michache tu kabla ya habari tunayoisimulia, yapata mwaka 617, walipigana vita kali iliyoitwa Buath, ambayo iliwamaliza wakubwa wengi wa pande zote mbili. Baada yake hapakuwa na amani. Wajane walikuwa wengi, mashamba yalikuwa yameharibika, na kila mtu alimjua jirani yake kuwa ni mwana wa aliyemwulia baba au ndugu.

Mwaka 620 watu sita wa Khazraj waliokwenda kuhiji Makka walikutana na Mtukufu Mtume s.a.w. mahali paitwapo Aqaba, wakamsikiliza na kuamini. Mwaka 621 walikuja watu 12, kumi wa Khazraj na wawili wa Aus, wakafunga ahadi naye. Waliahidi kutomshirikisha Mwenyezi Mungu na chochote, kutoiba, kutozini, kutoua watoto wao, kutozua uwongo na kumsingizia mtu, na kutomwasi Mtume katika mambo mema. Walipotaka kurudi kwao walihitaji mtu wa kuwafundisha. Mtukufu Mtume s.a.w. akamchagua Musab bin Umair.

Nyumba ya As'ad bin Zurara

Musab alifikia nyumbani kwa As'ad bin Zurara r.a., mtu wa Khazraj, mmoja wa wale sita wa mwanzo. Msomaji mpendwa, usiyapite maneno haya haraka. Katika Arabuni ya zama zile mtu aliye mbali na kabila lake hakuwa na wa kumtetea akiuawa. Usalama wake wote ulikuwa juu ya mwenyeji wake. As'ad alipomfungulia Musab mlango wake alikuwa amejitwika dhamana ya uhai wa mtu, mbele ya mji mzima ambao bado uliabudu masanamu. Ndiyo sababu historia ya mwalimu huyu haiwezi kusimuliwa bila kumtaja mwenyeji wake.

Mwalimu alileta nini? Hakuleta vitabu, kwani Kurani Tukufu ilikuwa ikiendelea kuteremshwa na haikuwa imekusanywa pamoja katika msahafu. Alileta kile alichokihifadhi moyoni. Alisoma, na wanafunzi wakasoma nyuma yake, mpaka maneno yakakaa vifuani mwao. Kwa sababu hiyo watu wa Yathrib walimwita Al-Muqri, yaani msomeshaji. Hawakumpa jina la kabila lake wala la mji wake. Walimwita kwa kazi yake.

Baadaye alikuwa pamoja naye katika kazi hii Abdullah bin Umm Maktum r.a., ambaye alikuwa kipofu. Mmoja anamtegemea mwenyeji kwa chakula, mwingine anategemea mkono wa mwenziwe kuijua njia, nao ndio walimu wa mji! Alikuwapo mtoto mmoja wa Yathrib, Al-Baraa bin Azib r.a., ambaye alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba hao wawili ndio waliowatangulia wengine kufika na kuwasomesha watu Kurani, na kwamba siku Mtukufu Mtume s.a.w. alipoingia mjini yeye alikuwa amekwisha kujifunza Sura Al-Aala pamoja na sura nyingine fupi fupi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya mwanzo ya Madina: haina jengo, na wanafunzi wake ni wazee na watoto pamoja.

Mafundisho yenyewe hayakuwa mengi kwa hesabu. Saumu ya Ramadhani haikuwa imefaradhishwa bado, wala makatazo ya pombe hayajashuka. Musab alifundisha umoja wa Mwenyezi Mungu, usafi wa mwili na nguo, Sala, na yale mambo ya ahadi ya Aqaba. Akisimama kusali alielekea upande wa Shamu, ambako iko Yerusalemu, kwani huko ndiko Waislamu walikoelekea wakati ule. Nawe ukiitazama ramani utaona kwamba mtu aliye Madina akielekea Yerusalemu, Makka hubaki nyuma yake. Basi mwalimu huyu kila aliposimama mbele ya Mola wake aliupa mgongo mji aliozaliwa, alimokaa mama yake.

Imamu asiye wa upande wowote

Lilitokea jambo moja ambalo linaonyesha hekima ya Mwenyezi Mungu katika kumpeleka mgeni. Waislamu wapya wa Aus na wa Khazraj waliamini Mungu mmoja na Mtume mmoja, lakini damu ya Buath haikuwa imekauka. Ilikuwa vigumu kwa mtu wa Aus kusimama nyuma ya imamu wa Khazraj, na vigumu vile vile kwa Khazraj kusimama nyuma ya Aus. Imani ilikuwa imeingia, ila kidonda kilikuwa hakijafunga. Basi aliyewasalisha wote alikuwa Musab. Yeye hakuua mtu katika vita vyao, wala hakuuliwa mtu. Hakuwa na shamba la kugombea wala kisasi cha kulipiza. Ule ugeni ambao ungeweza kuwa udhaifu wake ndio uliomwezesha kusimama mahali ambapo mwenyeji yeyote asingeweza kusimama.

Hapa pana fundisho kwa kila aendaye kufundisha ugenini. Watu wa mji hujaribu haraka kumvuta mgeni upande wao. Huyu humweleza maovu ya jirani yake, na yule humletea zawadi apate kumwelekeza. Kama Musab angaliingia hata kidogo katika ugomvi wa Aus na Khazraj, kwa neno moja la kumpendeza mwenyeji wake wa Khazraj, kazi yake yote ingalikwisha siku hiyo hiyo. Aliilinda heshima ya mwenyeji wake bila kuuchukua uadui wake.

Ni katika siku hizo pia ambapo Waislamu wa Yathrib walianza kukusanyika kwa Sala ya Ijumaa, wakiwa watu 40. Kaab bin Malik r.a., mmoja wa wazee wa Madina, alipokuwa amezeeka na kupofuka macho, kila aliposikia adhana ya Ijumaa alikuwa akimwombea rehema As'ad bin Zurara. Mwanawe alipomwuliza sababu, alimweleza kwamba As'ad ndiye aliyewakusanya kwa Ijumaa ile ya kwanza. Mwenyeji yule mwema alifariki katika mwaka wa kwanza wa Hijra, kabla ya kuyaona matunda makubwa ya mlango wake alioufungua.

Mkuki uliochomekwa ardhini

Siku moja As'ad alimchukua mgeni wake wakaenda katika sehemu ya watu wa Aus, wakaingia bustani moja, wakaketi karibu na kisima. Waislamu wachache wakawazunguka kusikiliza. Wakuu wa ukoo wa Banu Abdil-Ashhal, ambao ulikuwa ukoo wenye nguvu katika Aus, walikuwa Saad bin Muadh na Usaid bin Hudhair, na wote wawili walikuwa bado washirikina. Saad alipopata habari alikasirika. Lakini As'ad alikuwa mwana wa mama yake mdogo, naye aliona haya kumfukuza jamaa yake. Basi akamwambia Usaid aende akawafukuze watu hao wawili waliokuja kuwapotosha wanyonge wao.

Usaid akashika mkuki wake akaenda. Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba baba yake Usaid, yaani Hudhair, ndiye aliyewaongoza Aus katika vita ya Buath na kuuawa humo. Sasa mwana wa Hudhair anamwona mtu wa Khazraj ameketi ndani ya bustani ya Aus pamoja na mgeni wa Makka, wanawafundisha watu wake. As'ad alipomwona anakuja alimwambia Musab kwamba huyo ni bwana wa watu wake. Usaid akasimama juu yao, akawatukana, akawataka waondoke kama wanataka kuishi.

Musab alifanya nini? Hakusimama kujibu tusi, wala hakukimbia. Kwa upole alimwomba aketi na kusikiliza kidogo. Akipendezwa na jambo, alikubali. Na asipopendezwa, wao wataacha kumletea asilolipenda. Usaid alikuwa mtu mwenye akili. Aliona kwamba neno hilo ni la haki, na kwamba hapana hasara katika kusikiliza. Akauchomeka mkuki wake ardhini, akaketi.

Musab akamweleza Uislamu na kumsomea Kurani. Waliokuwapo walisema baadaye kwamba waliuona Uislamu usoni mwake kabla hajatamka neno, kwa jinsi uso wake ulivyobadilika na kung'aa. Akauliza mtu afanye nini akitaka kuingia katika dini hii. Wakamfundisha aoge, asafishe nguo zake, ashuhudie ushahidi wa kweli, kisha asali. Akainuka akafanya hivyo, akasali rakaa mbili. Halafu akawaambia kwamba nyuma yake yuko mtu mmoja ambaye akiwafuata wao, hatabaki nyuma mtu katika kabila lake.

Akarudi kwa Saad, na kwa werevu akampa habari iliyomfanya ahofu kwamba jamaa yake As'ad yumo katika hatari ya kuuawa na watu wa ukoo mwingine. Saad akatoka upesi kwa hasira. Alipofika akawakuta wawili hao wametulia, akatambua kwamba Usaid alitaka tu asikie kwa masikio yake mwenyewe. Akamlaumu As'ad kwa maneno makali. Musab akamwomba neno lile lile alilomwomba mwenziwe. Naye akauchomeka mkuki wake, akaketi, akasikiliza, akaamini.

Saad akarudi kwa watu wake, akawauliza wanamwonaje katika kundi lao. Wakakiri kwamba yeye ni bwana wao na mwenye rai bora kuliko wote. Akawaambia kwamba hatasema na mtu yeyote kati yao, mwanamume wala mwanamke, mpaka wamwamini Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Imepokewa kwamba jioni ya siku hiyo haikuingia ila ukoo mzima ulikuwa umesilimu, isipokuwa mtu mmoja aliyeitwa Usairim, ambaye alichelewa mpaka siku ya vita ya Uhud, akaamini siku hiyo, akapigana na kufa shahidi.

Nawe uliye bado katika kuchunguza, litafakari tendo la Usaid. Hakutakiwa aamini kabla ya kusikia. Hakutakiwa hata autupe mkuki wake. Aliuchomeka pembeni, mahali ambapo angeweza kuuchukua tena kama angesikia uwongo. Alichotoa ni muda wake mdogo na masikio yake. Wako wengi ambao hulikataa neno kwa kuwa aliyelileta ni mgeni, au kwa kuwa jirani wasiyempenda amelikubali kwanza. Kama Usaid na Saad wangalifanya hivyo, Yathrib ingalibaki na ngome zake na wajane wake.

Kurudi kwa mwalimu

Musab aliendelea na kazi karibu mwaka mmoja, mpaka ikawa hapakuwa na nyumba nyingi za Aus na Khazraj ambazo hazina Waislamu ndani yake. Msimu wa Haji wa mwaka 622 ulipofika alirudi Makka pamoja na mahujaji wa Yathrib. Miongoni mwao Waislamu 73 wanaume na wanawake wawili walikutana kwa siri na Mtukufu Mtume s.a.w. usiku huko Aqaba, wakaahidi kumlinda kama wanavyowalinda watu wa nyumba zao. Mwaka uliotangulia walikuwa 12. Ahadi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya Hijra.

Lakini moyo wa mwanadamu si hesabu ya wafuasi tu. Musab alipoingia Makka alikwenda kwanza kwa Mtukufu Mtume s.a.w. kumpa habari za Yathrib. Mama yake alisikia kwamba mwanawe amefika mjini na hakuanza kwake, akamletea salamu za uchungu. Alipokwenda kumwona, mama alifikiri kumfungia tena kama zamani. Mwana akamwonyesha kwamba safari hii hatakubali. Mama akalia. Musab naye akamsihi kwa huruma aamini, kwa kuwa alimtakia kheri kuliko watu wote. Mama akakataa, akashika dini ya wazee wake. Wakaachana hivyo.

Yule aliyewalainisha wenye mikuki hakuweza kuulainisha moyo wa mama yake mzazi. Ndugu yangu uliyesilimu na wazazi wako wakakukasirikia, ujue kwamba jambo hilo halikuanzia kwako, wala si dalili ya kwamba hukusema vizuri. Uongofu uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Kazi ya mtoto ni kuendelea kuwa mpole, na kutoacha kuwatakia wazazi mema.

Bendera na shuka moja

Musab alirudi Madina kabla ya Mtukufu Mtume s.a.w. kuhamia, na tangu hapo ule mji wa ugenini ukawa kwake. Katika vita ya Badr, mwaka 624, alipewa kuibeba bendera, kazi iliyokuwa heshima ya ukoo wake tangu zamani. Ndugu yake, Abu Aziz bin Umair, alikuwa upande wa Makureshi, akatekwa na mtu wa Ansari. Musab akapita, akamwambia yule Ansari amfunge mateka wake vizuri kwani mama yake ni tajiri na atamkomboa. Abu Aziz alishangaa ndugu yake kusema hivyo. Musab akamjibu kwamba yule Ansari ndiye ndugu yake zaidi kuliko yeye. Wala usidhani kwamba huo ulikuwa ukatili. Abu Aziz mwenyewe alisimulia kwamba Ansari wale waliwapa mateka mkate, nao wakala tende tupu, kwa kuwa Mtukufu Mtume s.a.w. aliwausia kuwatendea mateka wema. Watu ambao miaka saba tu nyuma walikuwa wakichinjana wao kwa wao, sasa walimlisha adui kabla ya nafsi zao.

Mwaka uliofuata, 625, katika vita ya Uhud, Musab aliibeba bendera tena. Waislamu walipotawanyika yeye alisimama. Adui aitwaye Ibn Qamia alimkata mkono wa kulia, akaishika bendera kwa mkono wa kushoto. Akaukata na huo, akaikumbatia kifuani kwa mikono iliyokatika, mpaka alipochomwa mkuki akaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 40 au zaidi kidogo. Mkewe, Hamna binti Jahsh r.a., aliambiwa siku hiyo kwamba ndugu yake ameuawa, akastahimili. Akaambiwa kwamba mjomba wake Hamza ameuawa, akastahimili. Alipoambiwa habari za Musab alipiga ukelele.

Walipotaka kumzika hawakupata sanda ila shuka moja aliyokuwa nayo. Wakiifunika kichwa, miguu hubaki wazi. Wakiifunika miguu, kichwa hubaki wazi. Mtukufu Mtume s.a.w. akaamuru wakifunike kichwa, na miguuni waweke majani yenye harufu nzuri yaitwayo idhkhir. Hivyo ndivyo alivyoondoka duniani kijana ambaye Makka yote ilikuwa ikiyajua manukato yake. Miaka mingi baadaye Abdurrahman bin Auf r.a., ambaye Mwenyezi Mungu alimpa utajiri mkubwa, aliletewa chakula cha kufuturu, akamkumbuka Musab na shuka yake fupi, akalia hata akakiacha chakula.

Msomaji mpendwa, Musab hakuacha nyumba wala shamba katika Yathrib. Alichokiacha ni Aus na Khazraj waliosimama safu moja, bega kwa bega, nyuma ya imamu mmoja, na watoto waliohifadhi Kurani vifuani mwao. Mgeni alikuja na wenyeji wakapona. Mwenyezi Mungu awarehemu yeye na mwenyeji wake As'ad, awape subira wote waliotengwa na jamaa zao kwa ajili ya haki, na atujaalie sisi masikio ya Usaid na Saad, tuweze kuketi na kusikiliza kabla ya kuhukumu. Amin.